Mzee wa Kanisa, Tangulia Kwenda Nyumbani Kwake

Ndugu zangu wachungaji, wazee wa makanisa na mashemasi wa Ogembo na Gucha nzima, nawasihi mnisikilize. Neno hili nimelibeba muda mrefu, na leo nalitua mbele yenu.

Asubuhi moja ya Sabato nilifika kwenye kanisa fulani, ambalo jina lake nitalisitiri, nikakuta mlango una kufuli mbili. Moja ilikuwa kuukuu, imeshika kutu. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, na karatasi ya bei bado imeigandia. Kina mama walikuwa wamesimama kwenye nyasi zenye umande, leso mabegani, na watoto wameketi juu ya mawe ya msingi wa nyumba ya mchungaji ambayo ujenzi wake ulikwama. Upande mmoja wa uwanja walisimama watu wa mweka hazina, upande wa pili watu wa kiongozi wa kwaya. Katikati palikuwa na nafasi ya hatua kumi hivi, na hakuna aliyeivuka. Ugomvi ulikuwa umeanzia kwenye hesabu ya mabati. Yalinunuliwa mabati thelathini, yakaonekana ishirini na moja. Lakini kufikia siku ile hakuna aliyetaja mabati tena. Maneno yalikuwa ya mpaka wa shamba, ya posa iliyokataliwa, na ya nani hakufika kwenye matanga ya nani.

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya milioni 1.2, na katika kila kilomita moja ya mraba wanaishi watu zaidi ya 900. Mtu unayekosana naye kanisani ndiye unayepakana naye shambani. Mnateka maji kijito kimoja, mnapanga foleni pamoja kwenye kituo cha kununulia majani chai, na pengine dada yake ameolewa kwenu. Mkazi wa Nairobi akikosana na kanisa lake huhamia jingine, na juma linalofuata anaketi kati ya watu wasiomjua. Sisi hatuna pa kuhamia. Anayehama huku huenda hatua mia mbili, akajenga kibanda cha mabati chini ya mikaratusi, na kuanzia hapo nyimbo za huku hushindana na nyimbo za kule kila siku ya ibada, huku majirani wakijiuliza Mungu asikilize upande upi.

Kwa hiyo nawaambia wazi: kiongozi wa kanisa anayeanza na kesi amekwisha kuchelewa. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda uhusiano wa watu, na kuulinda wakati hakuna ugomvi wowote, ili siku ugomvi ukija awe na njia ya kupita.

Wazee wetu waliijua siri hii. Kabla Wakatoliki hawajafungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista kufuata muda mfupi baadaye pale Nyanchwa, palikuwa na etureti, yaani baraza la wazee. Wazee wa jirani waliketi, wakawasikiliza wagomvi wote wawili mpaka kila mmoja akaishiwa na maneno. Waamuzi hao hawakuwa wageni. Kesho yake wangekutana na watu wale wale wakilima au wakijenga nyumba ya mtu, kwa hiyo walitafuta neno ambalo pande zote mbili zingeweza kuishi nalo. Sisemi etureti ilikuwa kamilifu. Walioketi ni wanaume, na mwanamke mwenye haki yake alilazimika kusemewa. Lakini tulipopokea Injili, shule na hospitali, tukapokea pia kamati, kumbukumbu za kikao na kura ya kuinua mikono, ule utulivu wa kumsikiliza mtu mpaka amalize tuliuacha nje ya mlango. Sasa hata Katiba ya nchi ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro. Serikali inatusihi tupatane, na sisi tuliobatizwa tunapanda boda boda kwenda mahakamani Ogembo kuomba zuio dhidi ya ndugu zetu!

Wala Maandiko hayakutuacha gizani. Mathayo 18 inaweka hatua kwa mpangilio: kwanza wewe na yeye peke yenu, kisha mashahidi mmoja au wawili, na kanisa mwishoni. Waadventista, ambao ni wengi huku kwetu, wana Kanuni ya Kanisa isiyoruhusu mchungaji wala bodi kumwondoa mtu ushirika. Ni mkutano wa washiriki pekee wenye uwezo huo. Hata karipio lina mipaka yake, si chini ya mwezi mmoja na si zaidi ya miezi kumi na miwili. Utaratibu huo ni mzuri, nao umewekwa ili mtu asiangamizwe na hasira ya wachache. Lakini ile hatua ya kwanza haipigiwi kura na mtu yeyote, na ndiyo tunayoiruka. Nimeketi kwenye bodi nyingi. Karani husoma kwamba ndugu fulani ameonywa. Ukiuliza ni nani aliyekwenda kwake, watu huangalia sakafu. Halafu mmoja hujibu kwamba aliandikiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Ndugu yangu, nenda! Nenda kwa miguu, jioni, mtu akisharudi kutoka shambani. Usibebe barua wala usifuatane na msafara, kwa maana watu watano wakiingia uani pamoja hugeuka kuwa askari. Kula utakachopewa. Mwache aseme kwanza, na usimletee maneno ya yule mwingine, hata kama unayajua yote. Na ukitoka, lolote alilokuambia likae kifuani mwako mpaka yeye mwenyewe akuruhusu kulitoa.

Katika kanisa lile la kufuli mbili alikuwepo mzee mmoja aliyefanya hivyo. Alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa idhini ya mwenye jambo. Alimwendea mweka hazina usiku, mbwa wakabweka, mwenyeji akatoka na tochi.

"Mzee, kuna nini usiku huu?"

"Nimekuja kula, mwanangu."

Wakaletewa obokima, yaani ugali, wa wimbi na mboga za chinsaga. Kwa muda wa saa nzima walizungumza habari za ng'ombe aliyepandishwa mara tatu bila kushika mimba. Mzee hakuuliza lolote. Sahani zilipoondolewa, mwenyeji ndiye aliyeanza. Mabati tisa, alisema, alimpa mjane mmoja ambaye paa lake liling'olewa na mvua ya mawe, kwa ahadi kwamba wanawe wangeyalipa baada ya mavuno. Alijua amekosea kutoa mali ya kanisa bila idhini. Lakini angewezaje kulisema jina la mama yule mkutanoni, mbele ya watoto wake? Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukasomwa kuwa ni wizi.

Nawauliza, ni kikao gani kingelitoa neno hilo? Bodi ingeita wakaguzi, wakaguzi wangeandika mabati tisa hayapo, na wangekuwa wamesema kweli. Mtu huyo angekaripiwa, na mjane angesikia habari hizo sokoni.

Tena mtazameni Luka alivyoandika katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Ugomvi wa mwanzo wa kanisa la Yerusalemu ulihusu wajane na mgawo wa chakula, jambo linalokaribiana sana na mabati yetu. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa. Mitume hawakuwaita walalamikaji wachochezi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia mgawo, na majina yote saba yaliyoandikwa ni ya Kiyunani. Walalamikaji walikabidhiwa kazi yenyewe. Ni mara ngapi sisi tumemwondoa anayeuliza maswali ya hesabu, badala ya kumpa daftari akae karibu na mweka hazina?

Nije kwenye ulimi, na hapa nasema kwa uchungu. Ugomvi wa kanisa ukishaiva, watu huanza kunong'ona. Siku za kwanza minong'ono ni ya fedha, baadaye huwa ya mienendo, na ikikosa pa kwenda humgeukia mama mzee anayeishi peke yake. Msifikiri natia chumvi. Mwaka 2008 zaidi ya watu kumi walichomwa moto hapa Kisii kwa kudhaniwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa neno hilo hilo. Mauaji hayo hayakuanza na kiberiti. Yalianza na sentensi iliyosemwa polepole, na mtu mwenye heshima aliyekuwepo akanyamaza. Mzee wa kanisa, ukisikia mtu akisema mama fulani si mtu mzuri, mkatize pale pale, na kesho yake nenda ukakae uani kwa huyo mama mchana kweupe, kila mpita njia akuone.

Mpatanishi pia hapaswi kununuliwa, ingawa kuhusu fedha za wanasiasa sitasema mengi. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia ibadani. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais kwa parokia moja. Ikiwa wao waliweza kuwazuia wanasiasa na kukataa mamilioni, kiongozi wa huku anaweza kuikataa bahasha ya kununulia spika ikiwa imeletwa na mtu wa upande mmoja wa ugomvi.

Na wewe mwenyewe unayepatanisha, nani anakuambia ukweli? Mchungaji mwenye makanisa mengi ya kuzungukia hufika nyumbani usiku, amechoka, moyo umejaa siri za watu, na mke wake ndiye anayemwagiwa hasira ya kikao. Tafuta rafiki mmoja wa rika lako, ikiwezekana wa kanisa jingine, anayeweza kukuambia, "Hapa umekosea," na ukamsikia. Asiyekuwa na mtu wa namna hiyo asipokee kesi ya mtu mwingine.

Katika kanisa lile la kufuli mbili, mweka hazina na kiongozi wa kwaya hawakupatana siku moja. Robo ile ya mwaka, kwenye Meza ya Bwana, wanaume walipokwenda nyuma ya kanisa kutawadhana miguu, kila mmoja alijitafutia mwenzake wa upande wake, na mzee hakumlazimisha mtu. Mjane alikuwa amekwisha kumruhusu mweka hazina aseme, naye akawa amelisema jambo lile kwa watu wawili tu, kiongozi wa kwaya akiwa mmojawapo. Robo iliyofuata nilikuwepo. Kiongozi wa kwaya alijaza beseni, akapita mbele yetu sote mpaka kwenye benchi la mwisho, akapiga magoti. Mweka hazina alikawia kuvua viatu. Soksi yake moja ilikuwa imetoboka kisiginoni, akataka kuificha, na mwenzake akaivuta taratibu akaiweka juu ya kiatu.