Jubilei ya Rwenzori: mgodi ulisimama, mlima ukabaki

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, upande wa Uganda, ilitangazwa mwaka 1991. Mwaka huu inatimiza miaka 35, nasi wa Kasongo na Kabambare, huku Kongo, tunaipigia vigelegele. Msomaji atauliza: mlima wa theluji unatuhusu nini sisi watu wa mito ya Luama na Lualaba? Unatuhusu kwa sababu ya mji mmoja ulio chini yake, Kilembe.

Kilembe ni mtoto wa shaba. Reli ya kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo, na mzigo ukawa unasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Bonde la mto Nyamwamba likajaa nyumba za wafanyakazi. Mwaka 1982 mgodi ukasimama. Anayeijua Kalima yetu ya bati, kule Pangi, hahitaji kusimuliwa mji unavyokuwa siku mshahara unapokoma: king'ora kinanyamaza, vijana wanaondoka, majani yanaota kwenye reli.

Leo Kyanjuki, mtaa wa wachimbaji, ndiko wageni wanakofungia viatu kabla ya kupanda. Safari ya kwenda na kurudi huchukua kama juma zima. Inaanzia mita 1,450 hivi, inapita kwenye mianzi, halafu kwenye miti iliyofuga ndevu za kuvumwani, halafu kwenye matope ya milimani yanayomeza mguu hadi gotini, mpaka kwenye barafu na kilele cha Margherita, mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika. Watu hupanda mwaka mzima, ingawa miezi ya kiangazi ndiyo yenye huruma. Wanaowaongoza, kuwapikia na kuwabebea ni Wakonzo, ndugu za Wanande wa kwetu. Kilele chenyewe kimekaa mpakani, kwa hiyo nusu ya sifa hii ni ya Kongo, na upande wetu unalindwa na Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925.

UNESCO iliuingiza Rwenzori katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kisha vita vikaja. Waasi walikaa msituni, hifadhi ikafungwa kwa miaka kadhaa, na kuanzia 1999 hadi 2004 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ukurasa wa kurudi kwake baada ya hapo ndio tunaoupenda kuliko yote. Kwetu Namoya, huko Salamabila, uzalishaji rasmi wa kibiashara wa dhahabu ya kiwanda ulianza mwaka 2016, na 2019 kazi ikasimama kwa sababu ya bunduki. Tangu hapo tunasikia kila siku kwamba mahali palipopita waasi hapawezi kupokea mgeni tena. Rwenzori ulipokea.

Hatusemi kwamba Kilembe ni peponi. Utalii haukurudisha kila ajira iliyokufa na mgodi. Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena 2020 na kuiharibu vibaya hospitali. Barafu nayo inakwisha: mwaka 1906 ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5, na kufikia 2003 haikutimia hata moja. Mlima wenyewe unaomba kutunzwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuiheshimu taasisi inayoutunza.

Kwetu hakuna theluji. Kuna vilima vya Mwendamboko na Kakula, huko Namoya, ambavyo leo PDG, yaani mwenye shimo la wachimbaji wadogo, anavijua kwa gramu tu. Kuna Luama. Kuna Tongoni, Kasongo ya kale, mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, uliotekwa Aprili 1893, ambao mtoto wa shule anaupita bila mtu wa kumwonyesha ukuta ulikosimama. Tunawaomba wakubwa wa jimbo na machifu wetu waanze na hayo sasa, dhahabu ingali inatoka: barabara inayopitika masika, vijana waliofundishwa kuongoza wageni, na miti juu ya mashimo yaliyoachwa. Kati ya mgodi wa Kilembe kusimama na hifadhi kutangazwa ilipita miaka tisa, na miaka tisa ni mingi kwa nyumba isiyo na mshahara.

Neno pagazi huku kwetu lina uchungu. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka Kasongo, ikapita Kabambare kuelekea Ujiji na pwani, na wengi waliobeba hawakurudi. Kilembe, pagazi anaamka alfajiri, anafunga mzigo wa mgeni, anapanda mlima wa mababu zake, na akishuka analipwa. Kwake yeye kwanza, kabla ya wakurugenzi na mawaziri, tunatuma hongera za miaka 35.