Mwajiri naye aingie darasani

BARAZANI na Mwanaidi Kombo

Januari 1992 Rais George H. W. Bush wa Marekani alikuwa Canberra, Australia. Akiwa garini, aliwaonyesha watu waliojipanga barabarani vidole viwili, mgongo wa mkono ukiwaelekea. Yeye alikusudia alama ya ushindi. Kwa Waaustralia ni tusi zito. Magazeti yakacheka, ziara ikaendelea.

Sasa mchukue binti wa Kilifi anayefanya kazi za ndani Riyadh. Jioni, vyombo vimekwisha, anawasha simu awaonyeshe watu wa nyumbani lile jiko na zile taa za sebuleni. Mama kule atawaita hata majirani waje kutazama. Mara bibi mwenye nyumba anapita nyuma yake, kichwa wazi. Sheria ya Saudia ya makosa ya mtandao ya 2007 inaruhusu kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya hadi riyali 500,000 kwa anayeingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu. Huyu hakumkusudia mtu ubaya.

Wala si lazima afike mahakamani. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri, ambaye akikasirika anaweza kumrudisha kwa wakala, au kuripoti kwamba ametoroka. Mageuzi ya ajira yaliyoanza huko Machi 2021 yaliwaacha nje wafanyakazi wa ndani.

Kila likitokea la kutokea, jibu letu ni moja: wafundishwe mila za watu kabla ya kuondoka. Sawa, na Kenya ina mafunzo hayo. Wajue kwamba kikombe cha kahawa hupokewa kwa mkono wa kulia, na hutikiswa ukitosheka, la sivyo utamiminiwa mpaka kuche. (Sisi wa Pwani tuna nafuu kidogo, mkono wa kushoto tuligombezwa kwa ajili yake tangu utotoni.) Wajue kwamba Ramadhani hata asiyefunga hali hadharani mchana.

Lakini mwajiri amefundishwa nini? Binti akiinamisha macho mbele ya mkubwa, kwao ni adabu. Tajiri akiona anaficha jambo, nani atamweleza? Anayelipwa kidogo kuliko wote nyumbani ndiye anayetakiwa ajue mila za pande zote mbili, tena kwa lugha aliyoanza kujifunza juzi.

Serikali inapotia saini makubaliano ya ajira na nchi za Ghuba, iandike humo kwamba siku ya kwanza mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, masharti ya nyumba ile: simu, wageni, chakula, mavazi. Kosa la kwanza la mila liwe onyo, si tiketi ya kurudi. Na wakala, ambaye amekwisha kulipwa kwa kila binti aliyempeleka, awe wa kwanza kupigiwa simu wakishindwa kuelewana.