Tusiilaumu Kompyuta Bure

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo lililotusumbua muhula huu.

Chama chetu cha sayansi kina kipima joto cha umeme kinachoandika joto la uwanjani kila sekunde. Kwa siku 90 kiliandika vipimo 7,776,000. Tulipotaka kuvichora vyote kwenye kioo cha kompyuta, ilinyamaza. Tukaenda kula, tukarudi, picha bado. Tangu siku ile wenzangu wengi wanasema wazazi waombwe mchango wa kompyuta mpya. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, kioo chetu kina nukta 1,366 kwa upana na 768 kwenda juu, basi. Kila safu ya nukta yapata vipimo 5,690 hivi, yaani vya saa moja na nusu na zaidi kidogo. Kompyuta huchora mstari juu ya mstari mahali palepale, mara maelfu, na jicho laona mmoja tu. Kompyuta mpya itafanya kazi hiyohiyo ya bure, ila upesi zaidi.

Tazameni mfano mkubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania. Ukitaka kumpa kila mtu nukta yake katika kioo kama chetu, watu karibu 59 watagombea nukta moja. Yafaa kuhesabu kwanza ni wangapi wako kila mahali, kisha kupaka rangi nzito penye wengi na nyepesi penye wachache.

Pili, tusikosee dawa. Mwenzetu mmoja alishauri tuchukue kipimo kimoja katika kila elfu. Hiyo ni haraka ya hasara. Kipimo kimoja katika elfu ni kimoja kila dakika 16 na zaidi. Mvua ya mawe yaweza kunyesha dakika kumi, ikashusha joto ghafla, ikapita, nasi tusiione kabisa. Wastani nao hufukia mabonde na kusawazisha vilima. Afadhali tugawe vipimo katika mafungu 1,366, na katika kila fungu tushike kilicho juu kabisa na kilicho chini kabisa. Vyabaki vipimo 2,732 tu, na baridi ile ya mvua yaonekana.

Tatu, muhtasari huo ufanywe mara moja na kuwekwa: mmoja wa siku, mmoja wa saa. Ramani ya Afrika haituonyeshi Nyakasimbi, wala hatuilaumu. Tukitaka kwetu twafungua ramani ya Karagwe. Vivyo hivyo, anayetaka dakika kumi za mvua afungue vipimo vya dakika hizo tu, si vya muhula mzima.

Nilijaribu Jumamosi kwa kompyuta yetu ileile kuukuu. Kupanga mafungu kulichukua muda mara moja. Tangu hapo picha hutokea papo hapo.

Wazazi wetu hupata fedha kwa jasho la kahawa na ndizi. Kabla ya kuwaomba shilingi, tuwaonyeshe kwamba tumekwisha kutumia vichwa walivyotuleta shuleni kuvifunza. Wazee husema akili ni mali.

Mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu