Pacha wa Mtandao na Ulimi wa Mashine: Nani Atangulie?

Neno pacha halina ugeni kwa msemaji wa Kiswahili. Watu wawili wanaofanana mno huitwa kurwa na doto, na aghalabu anayewaita hivyo hutabasamu, kwani anajua kwamba kufanana huko kuna mpaka. Hata pacha waliolala tumbo moja huja wakatengana, kila mmoja akashika njia yake na kuzeeka kivyake. Wahandisi wa kompyuta walipolichukua neno hili na kuanza kuzungumzia pacha wa kidijitali, walichukua nusu tu ya maana yake. Pacha wanayemtaka wao ni yule asiyetengana na nduguye hata kwa siku moja. Akishashika njia yake mwenyewe hana faida tena. Zaidi ya hayo, amekuwa mwongo.

Makala haya yanamhusu pacha huyo pamoja na akili mnemba zalishi, yaani ile mitambo inayotunga maneno, na jinsi viwili hivi vinavyoletwa katika usimamizi wa mitandao ya kompyuta ya mashirika makubwa: benki, hospitali, vyuo vikuu, kampuni za simu. Wauzaji huvinadi pamoja kana kwamba ni bidhaa moja. Mwamba ngoma, bila shaka, ngozi huivutia kwake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hivi ni vitu viwili, kwamba kimoja kinapaswa kumtangulia mwenzake, na kwamba shirika linalonunua ulimi wa mashine kabla ya kuwa na pacha linajitafutia balaa.

Historia ya pacha aghalabu hurejeshwa hadi Aprili 1970. Chombo cha Apollo 13 kilikuwa zaidi ya kilomita laki 3 kutoka duniani wakati tangi lake la oksijeni lilipolipuka. Wanaanga watatu waliokuwamo hawakuwa na umeme wa kutosha, wala hawakuwa na nafasi ya kujaribu na kukosea. Huko Houston, hata hivyo, palikuwa na vyombo vya mfano walivyokuwa wamefanyia mazoezi. Wenzao waliingia humo, wakavirekebisha vilingane na hali ya chombo kilichojeruhiwa, wakajaribu hatua baada ya hatua kabla ya maagizo kusomwa kwa redio. Tarehe 17 Aprili watatu hao walitua baharini wakiwa hai. Jina lilikuja baadaye sana: Michael Grieves aliieleza dhana hiyo katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 2002, na John Vickers wa NASA ndiye anayetajwa kuipa jina la pacha wa kidijitali mnamo 2010. Linalostahili kuzingatiwa ni mfuatano wa mambo. Jaribio lilitangulia, kauli ikafuata.

Mtandao wa shirika nao ni chombo cha namna hiyo. Ni mkusanyiko wa ruta, swichi na vizuizi vya usalama, na kila kifaa kina faili yake ya usanidi, pengine yenye maelfu ya mistari iliyoandikwa na watu mbalimbali katika miaka mbalimbali. Aliyeandika mstari fulani mwaka wa 2011 huenda amekwisha kuhamia kwingine. Hakuna anayejua kwa nini aliuandika, na kwa sababu hiyohiyo hakuna anayethubutu kuufuta. Pacha wa mtandao huzichukua faili hizo zote, pamoja na ramani ya nyaya na hali ya kila kiungo, na kuunda nakala ambamo swali linaweza kuulizwa bila kumdhuru yeyote: mstari huu ukifutwa, nani atapoteza njia? Namna za kumuunda ni mbili hasa. Ya kwanza huendesha programu halisi za ruta ndani ya kompyuta nyingine, kama walivyofanya Microsoft katika mfumo wao wa CrystalNet waliouelezea hadharani mwaka wa 2017. Ya pili haiendeshi chochote; husoma usanidi na kukokotoa kihisabati njia zote ambazo data inaweza kupita, kama ifanyavyo Batfish, programu huria iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka wa 2015.

Akili mnemba zalishi hufanya kazi tofauti kabisa. Imelishwa maandishi mengi mno, na shughuli yake ni kukadiria neno lipi lifuate jingine. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wahandisi wamegundua kwamba mitambo ya aina hiyo inaweza kuandika usanidi wa ruta kwa ufasaha uleule inaoandikia barua ya kuomba kazi. Hapo ndipo penye mtego. Mashine hiyo huweza kuchanganya amri za ruta za kampuni moja na za kampuni nyingine, au kuzua amri isiyokuwapo, na sauti yake isitetereke hata kidogo. Binadamu anayebahatisha husitasita, akajikuna kichwa, na mwenzake akajua kuwa hana hakika. Mashine haina kichwa cha kujikuna.

Yapo mambo ambayo mwanafunzi wa lugha anaweza kuwaambia wahandisi hapa, nao wakafaidika. Ahadi kubwa ya akili mnemba zalishi ni kwamba msimamizi wa mtandao hatahitaji tena kujua lugha kavu ya ruta; atasema anachokitaka kwa lugha ya kawaida, na mashine itafasiri. Basi na achukuliwe msimamizi katika chuo kikuu chochote anayeandika: "Wazuie wageni wasifikie seva ya mishahara." Wageni ni nani? Je, ni waliounganisha simu zao na mtandao wa wageni pale maktabani? Je, ni mafundi wa kandarasi walioletwa kuirekebisha seva hiyohiyo ya mishahara? Mhadhiri mgeni aliyeajiriwa kwa mwaka mmoja, ambaye naye anausubiri mshahara wake, yumo au hayumo? Wenye kusoma fasihi huufurahia utata wa namna hii, na huutafuta. Ruta haiufahamu. Itapokea fasiri moja tu, ile iliyochaguliwa na mashine, na kuitekeleza mara moja. Amri iliyozaliwa na lugha yahitaji hakimu asiyeamua kwa lugha. Pacha ndiye hakimu huyo, kwa kuwa yeye haangalii sentensi ilivyopendeza. Hukokotoa data itapita wapi na itakwama wapi, kisha akaonyesha kwamba fundi wa kandarasi amefungiwa nje.

Wenye shaka watauliza kama hatari hii ni ya kweli au ni hofu ya wasomi. Ifaa wakumbushwe jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021. Ilipofika saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa saa za Nairobi, WhatsApp, Facebook na Instagram vilizimika duniani kote, na vikabaki hivyo kwa takriban saa sita. Mfanyabiashara aliyepokea oda zake zote kwa WhatsApp alifunga duka mapema bila kujua kosa ni la nani. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri moja ilitolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ili kupima uwezo wa uti wa mgongo wa mtandao wao. Amri hiyo ikaukata uti wote. Palikuwa na programu ya ukaguzi iliyowekwa mahsusi kuzuia amri za aina hiyo, lakini nayo ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Kisha seva za majina, zile zinazoiambia dunia anwani za Facebook ziko wapi, zilipoona kwamba haziwezi kuwasiliana na vituo vya data, zilijiondoa kwenye njia za intaneti, kama zilivyoagizwa na waliozibuni. Zana za wahandisi nazo zikafa, kwa kuwa zilitegemea mtandao uleule. Ikabidi watu wapelekwe kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data, na huko milango iliyojengwa kwa ajili ya usalama ikawachelewesha.

Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kufanya mazoezi ya majanga. Ilikuwa imekwisha kujizimia vituo kadha wa kadha kwa makusudi ili wahandisi wajizoeze. Baada ya mkasa ilikiri kwamba haijawahi kufanya zoezi ambamo uti wote wa mgongo umezimika. Ndiyo kusema kwamba swali hilo moja halikuwahi kuulizwa. Tena kila sehemu, ukiiondoa ile programu ya ukaguzi, ilitenda kama ilivyoagizwa. Msiba ulitokana na jinsi sehemu hizo zilivyokutana. Mhandisi mmoja, hata awe bingwa, hawezi kuyashika makutano yote hayo kichwani mwake. Nakala ya mtandao mzima ndiyo ingeweza kuyaonyesha, ila kwa sharti kwamba yuko mtu wa kuiuliza.

Mkasa wa pili unatoka Kanada, nao unachoma zaidi. Tarehe 8 Julai 2022, kampuni ya Rogers ilikuwa katika awamu ya sita kati ya saba za kuboresha kiini cha mtandao wake. Kichujio kimoja kiliondolewa kwenye usanidi, njia zikamiminika kwa wingi hadi ruta za kiini zikalemewa na kuanguka. Wateja zaidi ya milioni 12 walipoteza huduma, malipo ya Interac yakasimama, na wengi hawakuweza kupiga namba ya dharura ya 911. Wafanyakazi wa Rogers wenyewe hawakuweza kuongea, maana simu zao zilikuwa za Rogers. Ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, ambayo muhtasari wake ulitolewa mwaka wa 2024, inaeleza jambo ambalo kila mkurugenzi anayetamani kununua akili mnemba angepaswa kulisoma mara mbili. Mwanzoni kazi hiyo ilipewa kiwango cha juu cha hatari. Awamu za kwanza zilipofaulu, fomyula ya kompyuta ilikishusha kiwango hicho hadi chini, na kwa hivyo awamu ya sita ikapita bila kujaribiwa maabarani na bila idhini ya wakubwa.

Hivyo ndivyo ulimi wa mashine utakavyowalaza watu usingizi. Utatoa usanidi sahihi mara tano. Msimamizi ataanza kwa kuusoma wote, kisha atausoma nusu, kisha atatia saini akiwa anakunywa chai. Pacha hana mazoea ya aina hiyo. Pendekezo la sita huligeuza na kulipima kama alivyolipima la kwanza.

Kwa Kenya suala hili lina sura yake. Tarehe 25 Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa, ikaukata mkongo wa TEAMS uliokuwa umeanza kutumika mwaka wa 2009. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Kenya na Tanzania. Hakuna pacha awezaye kuizuia nanga. Anachoweza ni kujibu swali kabla ya siku hiyo: zile laini mbili ambazo benki inazilipia kwa kampuni mbili tofauti, je, kweli ni mbili, au zinaingia baharini zikiwa ndani ya mkongo mmoja? Huko hakuhitajiki akili mnemba yoyote. Kunahitajika ramani ya kweli na mtu wa kuuliza.

Ramani hiyo nayo ina mwenyewe. Pacha aliye kamili ni mchoro wa nyumba nzima, na milango, madirisha na mahali funguo zinapowekwa. Shirika linalomlisha pacha wake kwenye mashine ya maneno iliyoko ng'ambo limeukabidhi mchoro huo kwa watu lisiowajua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahusu habari za watu binafsi. Ramani ya ruta za hospitali si habari ya mtu binafsi, na ni rahisi meneja kudhani kwamba kisichotajwa na sheria hiyo kinaweza kupelekwa popote.

Hoja ya gharama haina uzito inaodhaniwa. Batfish haiuzwi. Mhandisi wa hospitali yenye ruta thelathini anaweza kuanza kumjenga pacha kwa seva moja nzuri na subira ya miezi kadhaa. Iliyo ghali ni subira, kwa sababu pacha hulishwa kila siku: kila waya unaohamishwa, kila mstari unaobadilishwa usiku wa manane na fundi aliyechoka, sharti uingizwe. Wengi humjenga kwa shangwe na kumsahau baada ya muhula. Hapo ndipo anapotengana na nduguye, na majibu yake yanakuwa ya mtandao usiokuwapo tena. Kazi hiyo ya kulisha yahitaji watu, na watu hao ndio wanaolengwa kupunguzwa pindi mashine ya maneno inaponunuliwa.

Miongoni mwao ni vijana waliohitimu juzi. Kwa desturi, kijana hujifunza kwa kutazama. Huketi nyuma ya mkubwa wake kwa mwaka mzima, haruhusiwi kugusa ruta ya kiini, na siku anayoruhusiwa mikono humtetemeka. Mashine ikiandika usanidi wote, hata kule kutazama hakutakuwapo. Penye pacha, kijana huyo anaweza kuiangusha benki nzima saa nane mchana, akaona ni matawi yapi yaliyozimika na kwa nini, akainyanyua tena kabla ya saa tisa, na hakuna mteja hata mmoja atakayepiga simu kulalamika.