Ingia Kwanza, Mengine Tutapanga

Kuna sentensi ningependa ipigwe marufuku kwenye kila kikundi cha WhatsApp cha familia: "Ingia kwanza, mengine tutapanga huku." Hutoka kwa ajenti, ama kwa binamu anayekula kamisheni ya ajenti. Unauziwa visa ya utalii ya Dubai, siku 60, kwa pesa ambazo mama ameuza ng'ombe kuzipata, halafu unaambiwa umepata kazi.

Umepata siku 60 za kutembea, basi. Zikiisha, kila siku unayozidisha ni faini ya dirhamu 50, zaidi ya shilingi 1,700. Mwezi mmoja ni dirhamu 1,500, na hapo bado hujalipa kitanda Deira, kwenye chumba mnachobanana kama sardini.

Lakini faini ni chenji tu. Utamu wa hii biashara, kwa bosi, ni kwamba mtalii hana mkataba. Unaambiwa ufanye "majaribio" wiki mbili kwenye saluni ama mkahawa huku visa ya kazi ikishughulikiwa. Wiki mbili zinakuwa sita. Ukiitisha mshahara unaulizwa swali moja: visa yako inasema nini? Sasa utamshtaki wapi, na ukijitokeza wewe ndiye wa kwanza kuonekana umevunja sheria? Tangu 2024, mwajiri wa huko anayefanyisha watu kazi bila kibali anaweza kupigwa faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni 1. Poa sana. Ila shahidi ni huyo huyo aliyefanya kazi bure, na amejificha.

Siku zikikaribia kuisha, ajenti anarudi na bei nyingine ya kukutoa nchini na kukuingiza upya. Kwa miaka mingi kisiwa cha Kish, kule Iran, kilipokea watu wa aina hii, wakikaa hotelini kungoja visa mpya wakila akiba yao.

Na usinitajie mzungu wa Watamu anayekaa miezi na miezi kwa kibali cha utalii. Yule mshahara wake unatoka Milano. Yeye amekuja kutumia, wewe unaenda kutafuta. Tena akichoka na mambo ya mihuri, serikali yetu ilishamtangazia Oktoba 2024 kibali chake maalum cha kufanya kazi na laptop akiwa ufuoni.

Utasema, kwani Nairobi kuna nini? Kweli, hakuna, na simlaumu msichana wa Githurai aliyechoka kutuma CV. Wapo pia walioenda hivyo wakafaulu. Ndio hao tunaowaona TikTok wakipiga picha chini ya Burj Khalifa. Wale wengine hawaposti.

Kwa hivyo kabla ya kutuma hata shilingi, itisha mkataba wenye jina lako na la mwajiri, na kibali cha kuingia kufanya kazi. Uliza pia Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama huyo ajenti amesajiliwa. Akikwambia "hizo zitakuja baadaye", umbloki, hata kama ni binamu.