Familia za Askari Zisisikilizwe Siku ya Kisasi Tu

Usiku wa 11 Julai 2010 Kabalagala, jijini Kampala, ilikuwa imefurika watu. Fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi ilikuwa ikionyeshwa katika mgahawa wa Ethiopian Village, na kule Lugogo umati mwingine ulikuwa umekusanyika mbele ya skrini kubwa kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo. Mabomu yalilipuka kote kuwili. Zaidi ya watu 70 waliuawa. Al-Shabaab, kupitia msemaji wake Ali Mohamud Rage, ilitangaza kuwa ndiyo iliyoua, na kwamba ilikuwa ikilipiza kisasi kwa sababu majeshi ya Uganda yalikuwa Mogadishu.

Waliokufa walikuwa raia waliotoka kutazama mpira. Lakini tangazo lile liliwaingiza msibani watu wengine ambao hawakuwapo pale: wake, wazazi na watoto wa askari waliokuwa Somalia. Kutoka Kabalagala hadi kambi ya polisi wa jeshi Makindye si mwendo mrefu, na wanaoishi kambini hununua mboga katika masoko yale yale na kupanda taksi zile zile na raia. Kwao habari ile ilikuwa na makali mawili. Jirani ameuawa, na muuaji anasema sababu ni kazi ya mume wangu. Kisha, kwa kuwa jirani ameuawa, mume wangu sasa atapelekwa mbele zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Uganda ilikuwa imepeleka askari wake wa kwanza Mogadishu Machi 2007, chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Burundi ilifuata mwishoni mwa mwaka huo. Kwa miaka mitatu kazi yao kubwa ilikuwa kulinda bandari, uwanja wa ndege na ikulu ya Somalia. Baada ya Kabalagala, Rais Yoweri Museveni alisema hadharani kwamba sasa wauaji watafuatwa waliko. Siku chache baadaye viongozi wa Afrika walikutana Munyonyo, huko huko Kampala, wakakubaliana kuongeza nguvu. Desemba 2010 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliongeza idadi iliyoruhusiwa kutoka askari 8,000 hadi 12,000, na Februari 2012 ikafika 17,731.

Tangu hapo hadi leo, kila shambulio linapotokea husikika sentensi ileile: tutajibu kwa ajili ya waliofiwa. Sentensi hiyo ina uzito, na wapo waliofiwa wanaoitaka. Lakini inafaa tuulize ni lini hasa serikali husikiliza familia, na ni maneno yao yapi huchaguliwa kusikilizwa.

Kisa kinacholionyesha jambo hili waziwazi kilitokea mbali na kwetu. Desemba 2014 ndege ya kivita ya Jordan ilianguka karibu na Raqqa, Syria, na rubani wake, Muath al-Kasasbeh, akatekwa na kundi la Dola la Kiislamu. Kwa majuma kadhaa baba yake, Safi al-Kasasbeh, pamoja na jamaa zake, waliiomba serikali yao imkomboe kwa kubadilishana na mfungwa. Waliandamana jijini Amman. Serikali ilisema iko tayari kumtoa Sajida al-Rishawi, mwanamke aliyehukumiwa kifo, ila ikataka kwanza ithibitishiwe kwamba rubani yu hai. Uthibitisho haukuja. Februari 2015 ilitolewa video ya kuuawa kwake kwa moto, na Jordan ikasema aliuawa mwezi mmoja kabla. Alfajiri iliyofuata al-Rishawi na mfungwa mwingine walinyongwa, kisha ndege za Jordan zikashambulia kwa siku mfululizo. Baba yule yule aliyekuwa akiomba mabadilishano sasa alisema kunyonga watu wawili hakutoshi.

Mzazi huyo hakuwa kigeugeu. Alikuwa na haja moja tu, mwanawe. Mtoto akiwa hai, haja hiyo husema: zungumzeni, badilishaneni, fanyeni lolote arudi. Akishauawa, haja hiyo haina tena pa kwenda ila kwa muuaji. Wanaotawala wanapaswa kujua kwamba kauli hizi mbili zimetoka kinywa kimoja, na kwamba ya pili isingetamkwa kama ya kwanza ingefanikiwa. Hatari ni kwamba ya kwanza huisumbua serikali, na ya pili huifaa.

Tena si kila aliyefiwa hufika kwenye ile ya pili. Siku zile zile za mwaka 2015 mwandishi wa habari wa Japani, Kenji Goto, aliuawa na kundi hilo hilo. Mama yake, Junko Ishido, alisema hataki huzuni yake izae mnyororo wa chuki.

Uganda hatuna haja ya kujifunza hili Japani. Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwateka wasichana 139 wa shule ya St Mary's huko Aboke. Mtawa wa Kiitalia, Rachele Fassera, aliwafuata waasi porini akarudi na wasichana 109. Thelathini walibaki. Wazazi wao waliunda chama wakaanza kusema jambo ambalo wengi Kampala hawakutaka kulisikia wakati ule: kwamba kila shambulio kali la jeshi huwaangukia watoto wetu kwanza, kwa kuwa ndio wanaowekwa mstari wa mbele, na kwamba mazungumzo na msamaha vinaweza kuwarudisha wengi kuliko mizinga. Angelina Atyam, mmoja wa viongozi wa chama hicho, aliambiwa na waasi kwamba binti yake angeachiwa endapo angenyamaza. Alikataa, akasema hataki mmoja, anataka wote. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilipita, na zaidi ya watu 20,000 waliwahi kuitumia kuweka silaha chini. Wazazi waliofanya kazi hiyo walikuwa na kila haki ya kudai kisasi.

Kwa familia za askari hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mke wa askari hana uhuru wa kusema kama mzazi wa mwanafunzi. Nyumba anayoishi ni ya jeshi. Huogopa kwamba akilalamika hadharani, mumewe ndiye atakayeulizwa. Kwa hiyo wanaosikika kwa niaba yake ni msemaji wa jeshi na wanasiasa, na wote wawili wana mambo yao ya kulinda.

Angalia jinsi habari zinavyomfikia. Septemba 2015 Al-Shabaab iliivamia kambi ya Waganda huko Janaale. Idadi rasmi ya waliouawa ilipanda hatua kwa hatua hadi 19, huku taarifa nyingine zikitaja idadi kubwa zaidi. Miezi minne baadaye, Januari 2016, kambi ya Kenya huko El Adde iliangushwa. Serikali ya Kenya haikuwahi kutangaza idadi ya waliokufa. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alisema ni kati ya 180 na 200, na uchunguzi wa kituo cha CNN ukahesabu wasiopungua 141. Familia za Wakenya zilikusanyika kwenye ibada ya kumbukumbu Eldoret huku nchi yao haijawaambia wamefiwa wangapi. Wengine walifahamu hali ya ndugu zao kutokana na picha zilizosambazwa na wauaji wenyewe.

Hilo la mwisho lapasa kututia aibu. Serikali isipotoa habari, Al-Shabaab ndiyo huitoa, kwa sauti na kwa picha, ikimwonyesha askari aliyetekwa akiwa amevaa sare ya nchi yake. Ukimya unaodaiwa kuwa wa kiusalama humpa adui nafasi ya kuzungumza na mama wa askari kabla ya kamanda wa askari huyo. Na kwa familia ya mateka ukimya huo una gharama ya shilingi pia. Familia ya askari wa AMISOM aliyekufa kazini ilistahili fidia ya dola 50,000 za Marekani. Lakini pasipo mwili wala cheti cha kifo, mirathi haianzi. Mke wa mateka si mjane, wala hana mume wa kumlipia watoto karo.

Mei 2023 kulikuwa na hatua ya mbele. Kambi ya Waganda ya Buulo Mareer ilivamiwa, na baada ya siku chache Museveni mwenyewe alitangaza kwamba askari 54 wameuawa, akiwemo kamanda wao, na kwamba maofisa wawili walioamuru kurudi nyuma watafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Wapo waliosema kutaja idadi hiyo kungevunja ari ya jeshi. Ari haikuvunjika. Kilichotokea ni kwamba familia 54 zilizika watu wao kwa heshima, na Waganda walijua ukubwa wa gharama inayolipwa kwa jina lao.

Sasa nije kwenye hoja ya wanaotetea kisasi, maana ina nguvu. Wanasema kama Uganda ingeondoka Somalia baada ya Kabalagala, kila kundi la wauaji lingejifunza kwamba mabomu mawili kwenye sehemu za burudani yanatosha kubadilisha sera ya nchi. Wanaongeza kwamba jibu lile lilizaa matunda: Agosti 2011 Al-Shabaab iliondoka Mogadishu, na haijaweza tena kufanya mauaji ya kiasi kile jijini Kampala. Naikubali hoja hii. Kubaki Somalia kulikuwa uamuzi sahihi, na askari waliofia huko walifia jambo la maana.

Lakini kilichoiondoa Al-Shabaab Mogadishu hakikuwa hasira. Ilikuwa kazi ya miezi mingi, mtaa kwa mtaa, yenye mpango, askari wa kutosha na idhini ya kimataifa. Hasira yenyewe tumeiona ilivyo. Tarehe 10 Agosti 2021, huko Golweyn, askari wa Uganda walioshambuliwa na Al-Shabaab waliwaua raia saba wasio na hatia. Mahakama ya kijeshi ya Uganda iliyokaa Mogadishu iliwahukumu askari wawili kifo na watatu miaka 39 gerezani. Kwa hiyo kisasi kile kilizipokonya watu wao familia saba za Kisomali na familia tano za askari wa Uganda, na adui akapata hoja mpya ya kuwavutia vijana. Kumbukeni kwamba mwaka 2010 Al-Shabaab ilitumia pia hoja hiyohiyo, mauaji ya raia wa Mogadishu.

Swali la kisasi na mateka liko hai pia magharibi mwa nchi. Novemba 2021, baada ya milipuko ya Kampala, Uganda ilianza Operesheni Shujaa dhidi ya waasi wa ADF mashariki mwa Kongo kwa ndege na mizinga. Juni 2023 ADF iliua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Lhubiriha, Mpondwe, na kuwachukua wengine. Wazazi wa waliochukuliwa walikuwa na haki ya kuuliza kila bomu linaangushwa wapi na mateka wako wapi. Swali hilo lina uzalendo zaidi kuliko shangwe zozote.

Kuna jibu jingine ambalo Kabalagala ilipewa, nalo husahaulika. Mei 2016 Jaji Alfonse Owiny-Dollo aliwatia hatiani watu kadhaa kwa mashambulio yale, akiwemo Issa Luyima aliyeongoza mpango. Watano walifungwa maisha na wawili miaka 50. Washtakiwa watano walionekana hawana hatia ya mauaji wala ugaidi. Mwendesha mashtaka mkuu wa kesi hiyo, Joan Kagezi, alikuwa amepigwa risasi akafa Machi 2015, na kesi iliendelea. Mahakama ilichukua muda mrefu, lakini iliweza kufanya kazi ambayo bomu haliwezi: kumtenga mwenye hatia na asiye na hatia. Waliofiwa walipata kusikia nani alifanya nini, na Uganda haikuongeza maiti hata moja.

Kwa haya yote, msimamo wangu ni huu. Serikali ina haki ya kupigana na wanaoteka na kuua watu wake, na mara nyingine ina wajibu. Haina haki ya kuchukua machozi ya familia za askari siku ya maziko na kuyafanya ruhusa ya kupiga popote, kama haikuzisikiliza siku mtu wao alipokuwa hai mikononi mwa adui.

Wabunge wa Uganda wanaweza kulirekebisha hili bila kusubiri msiba mwingine. Watunge sheria inayotaka familia ijulishwe kwanza na afisa anayefika nyumbani kwao, na idadi ya waliokufa na waliotekwa itangazwe bungeni katika muda uliowekwa. Familia ya mateka iendelee kulipwa mshahara na posho yake hadi hatima yake ijulikane. Serikali iwe na ofisi yenye jukumu la kuwatafuta mateka kwa njia zote, mazungumzo yakiwemo, na familia ijue nani wa kumwuliza. Na kila operesheni ya kujibu shambulio iulizwe bungeni maswali mawili: imewalinda askari wetu na raia kwa kiasi gani, na imewafanya nini mateka. Familia za askari zimeshatoa zaidi ya wengi wetu, na kuyapata haya ni haki yao.