Akikataa, Anapoteza Nini?

Wapo watafiti wanaoingia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, wenye Wasomali wengi, na dodoso mkononi, wakitaka kujua kama watu wanaelewa faragha ya simu zao. Muuza nguo wa jengo la maduka la Garissa Lodge akisema hasomi masharti kabla ya kubonyeza alama ya kukubali, anahesabiwa miongoni mwa wasiojali. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Anayetoa taarifa zake bila ubishi huenda anajua vizuri anachokitoa. Alichonyimwa ni nafasi ya kukataa. Mtafiti na aanze hapo: huyu akikataa, anapoteza nini?

Jibu lina historia: nchini Kenya miili ya watu ilianza kusajiliwa zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, wakikining'iniza shingoni ndani ya kikasha cha chuma, ili anayetoroka kazi ajulikane. Na mpaka leo kitambulisho tunakiita kipande. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walichujwa peke yao, na waliokubaliwa kuwa raia wakapewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ambayo jirani zao hawakudaiwa. Aprili 2014, katika operesheni ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa, wengi wao wakiwa wakazi wa Eastleigh, na uwanja wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuwazuilia na kuchunguza karatasi zao. Lakini funzo zito kuliko yote limetoka kaskazini mashariki. Miaka ya ukame, familia za Wakenya zilijiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, mashine ikasema vidole hivyo ni vya mkimbizi. Alama iliyotolewa kwa ajili ya posho ya unga ikamfungia mtu mlango wa uraia, na nyuma ya mlango huo zimo laini ya simu, M-Pesa na ajira. Aliyeyaona hayo kwa jamaa zake hahitaji semina ya kumwambia kwamba taarifa husafiri.

Nitajibiwa kwamba watu wenyewe hujianika. Je, mwaka 2023 Wakenya hawakupanga foleni katika ukumbi wa KICC, Nairobi, ili mradi wa sarafu ya kidijitali wa Worldcoin uchukue picha za mboni zao kwa takriban shilingi 7,000? Walipanga. Ila kwa kijana asiye na kazi fedha hizo ni kodi ya chumba, na foleni ile ilipima dhiki kuliko ilivyopima kutojali. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo mwezi wa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe. Wengine hushikilia kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Watoto wa Dadaab walikuwa wameficha nini? Tena tazama nani aliyekwenda mahakamani kuipinga Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho: miongoni mwao ni jukwaa la haki za Wanubi, jamii iliyozoea kuhojiwa uraia wake kila inapoomba kitambulisho. Hukumu ya Januari 2020 ilizuia serikali kukusanya DNA na mahali mtu anapoishi kwa GPS, na zuio hilo linamlinda kila Mkenya.

Basi ninawasihi watafiti wetu. Ulizeni kwa Kisomali, kwa Kioromo na kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha ofisini. Ulizeni simu moja inatumiwa na wangapi nyumbani, nani anajua namba ya siri ya mama, mteja anapewa laini ipi na ndugu ipi, ujumbe upi hufutwa na upi husemwa ana kwa ana tu. Huko ndiko faragha inakotunzwa. Na kabla ya yote, msiandike jina wala namba ya simu msiyoihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa zichukuliwe kwa kiasi cha haja tu. Anayetafiti faragha akikusanya zaidi ya hapo, amekuwa mlango mwingine wa kuvujia. Mkimaliza, rudini mwasomee wenyeji mlichokiandika juu yao, na atakayetaka maneno yake yaondolewe, yaondoeni mbele yake.